Kivuko cha Kilomita 214

Shirika la reli lilinituma nikachukue vifaa:
taa ya mafuta, kioo kimepasuka,
bendera mbili, nyekundu na ya manjano,
filimbi, na madaftari kumi na tisa.
Kizuizi kipya hujiinua na kujishusha chenyewe.
Veneranda hakukisubiri. Amezikwa Jumanne.

Nikakalia kiti chake, nikasoma.

Alizaliwa mwaka wa kumi na moja
chini ya Kaisari wa Urusi, ambaye picha yake
baba mtu aliitumia baadaye kuzibia tundu la banda la kuku.
Alipojua kusoma, Latvia ilikuwa nchi mpya.
Mwalimu akasema: futeni ubao, tunaanza.

Akaolewa na Donats, mtengeneza mataruma.
Wakapewa kibanda, ng'ombe, kishamba cha vitunguu,
na kazi: kufunga njia treni ipite,
kufungua njia watu wapite.
"Kazi nyepesi," aliandika. "Adui ni usingizi."

Daftari la sita:
"Mizinga, mabehewa ishirini na manne, saa tatu asubuhi.
Ng'ombe kazaa. Ndama jike."

Moscow ikaisogeza mbele saa ya ukutani.
Mwaka uliofuata Berlin ikairudisha nyuma.
Moscow ikaja tena na saa yake.
"Ng'ombe kazikataa zote," aliandika.
"Nakamua anaponiita."

Juni ya arobaini na moja, kwa penseli:
"Mabehewa ya ng'ombe, hamsini na moja.
Waliomo si ng'ombe."
Na chini yake, mwandiko mdogo kama wa mtu anayenong'ona:
"Kesho sitakuwepo. Jino linauma."

Donats alichukuliwa na jeshi moja,
akarudishwa na jingine, mguu wa kushoto haupo.
Aliposhindwa na mataruma akafuga nyuki.

Machi ya arobaini na tisa:
"Mabehewa sitini na mawili. Theluji. Watoto wanaimba ndani,
au ni magurudumu.
Jino tena. Siku tatu."

Kisha miaka inapita kama treni za mizigo, mirefu, bila madirisha:
mbao, makaa, mbao, mbolea.
"Wanasema mtu ameruka mpaka angani. Vitunguu vimeota kuvu."
"Donats kafa leo mchana. Treni ya saa kumi imepita kwa wakati."
Ukurasa huo una doa. Nilitaka liwe chozi;
nililinusa: mafuta ya taa.

Mwaka wa tisini na moja:
"Nchi imerudi, na lile jina la utotoni.
Nimemwambia ng'ombe.
Akiba yangu ya jeneza sasa yatosha kununua viberiti."

Nikiwa bado nasoma akaingia jirani, Genovefa,
aliyemwosha maiti, akaja kuchukua paka.
Nikamwambia: maskini, jino lilimtesa huyu mama,
nimehesabu, mara arobaini na moja.
Akanitazama kama mtu anayetazama mvua.
"Meno yake yote yalikuwepo," akasema.
"Mazima. Hata moja halikung'olewa."

Akakaa juu ya ndoo, akanieleza.
Vile vikaratasi vilivyorushwa kutoka tundu la behewa:
jina, kijiji, tuko hai, tunza mbuzi.
Veneranda aliviokota kati ya mawe ya reli
akavipeleka kwa miguu, mlango hadi mlango,
kijiji cha karibu kilomita saba, cha mbali hamsini.
Kimoja kilifika kwa Genovefa, akiwa na miaka minane.
Hakunionyesha. Aliligusa tu fundo la kitambaa chake, chini ya kidevu.

Fomu yangu ina safu ya "hali ya kifaa".
Taa: mbovu. Bendera: zimefifia. Filimbi: nzima.
Madaftari: kumi na manane.
Daftari la sita lilikuwa tayari ndani ya koti langu,
na treni ya mbao ikapita, na kizuizi
kikashuka na kuinuka, hakikumtazama mtu.

Nilirudi ofisini nimechelewa siku nzima.
Mkuu akauliza kulikoni.
Nikashika shavu.
Jino, nikamwambia.